Miguu ya Mama Mkwe

Bishnumaya aligoma kusimama kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amesimama mbele yake. Mama mkwe huyo alifia kitanda cha pili, wodi hii hii ya mahututi, wakati Bishnumaya amelazwa usingizi kwa dawa na mashine inampumulia. Nimonia iliwapiga wote wawili nyumba moja. Mmoja tulimtoa amefunikwa shuka, mwingine alikuwa hajaambiwa mpaka asubuhi hiyo.

Ndugu walitukataza kumwambia. "Akijua atakata tamaa," walisema, wakaniachia mimi uongo wa kusema: mama yuko nyumbani, mumeo anamuuguza. Kumbe mume yuko matangani, kanyolewa kichwa, kavaa nyeupe, kwa mila yetu ya msiba haruhusiwi kumgusa mtu. Kazi yangu mimi ni kuwazoesha wagonjwa viungo, si uongo, na nilikuwa nimekasirika.

"Dada, inama mbele, pua ipite vidole vya miguu, halafu jinyanyue," nilimwambia nikiwa nimemkalisha ukingoni mwa kitanda. "Kifua kinajaa makohozi. Usiposimama ukapumua vizuri, unarudi kwenye mashine."

"Nimsukume mama?" alinong'ona. Tangu atolewe mrija kooni, sauti yake ilikuwa hewa tu. "Wewe Pabitra huna adabu. Hebu mpishe."

Nikajikuta nimesogea pembeni. Nesi Kalawati akacheka. "Makubwa! Mganga wa viungo anapisha hewa?" Lakini hata yeye nilimwona, toroli la dawa alilizungusha mbali na pale.

"Mbona wamemfunga vidole gumba vya miguu?" Bishnumaya akauliza.

Kicheko cha Kalawati kikakatika. Yeye ndiye aliyevifunga kwa bendeji, kama tunavyowafunga marehemu wote, na mimi ndiye niliyemshikia miguu. Wakati ule Bishnumaya hakuwa akifumbua hata jicho. Niliogopa, nasema kweli.

Ila kifua kile hakikuwa na muda wa kungoja hofu yangu ipoe.

"Basi msalimie," nikamwambia. "Ni asubuhi. Mkwe gani hamwinamii mama?"

Kwetu mke wa mwana huianza siku kwa kuweka paji la uso miguuni pa mama mkwe, naye mama humwekea mkono kichwani akimbariki. Bishnumaya alifanya hivyo kila siku tangu aolewe. Akainama bila kufikiri, pua ikapita vidole, makalio yakanyanyuka kitandani. Nikamdaka kiunoni, nikazuia goti lake kwa goti langu, nikamnyoosha. Alisimama! Miguu ikimtetemeka, lakini alisimama.

Akabaki hivyo, kichwa chini, anangoja.

"Hajaniwekea mkono," akasema.

Nilitaka kuurudia ule uongo.

"Mdogo wangu, usinifiche. Mama hajawahi kuniacha nimeinama hivi. Alikufa lini?"

"Ulipokuwa umelala, dada."

Kalawati akasogeza kiti haraka. Bishnumaya akakikataa kwa kichwa. Akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko zote nilizokuwa nikimbembeleza azivute, akaangua kilio kwa sauti yake kamili mpaka wodi nzima ikageuka. Akakohoa, akatema, akalia tena. Nikamshikilia alie amesimama, na mimi nikilia naye.