Aliyoyaona Mwosha

Nimeosha maiti Mohoro miaka thelathini na moja, na siri zao zote zimo humu kifuani. Makovu, mimba zisizojulikana, alama za fimbo za waume wanaosifiwa msikitini. Mwosha haoni, na akiona hasemi. Ndivyo bibi yangu alivyonifunza, na ndivyo nilivyoishi mpaka siku ya kesi ya Nasra.

Nasra alikuwa binti wa mdogo wangu, Hafsa. Alijifungua salama, akaanza kutapika, akapelekwa zahanati, akapigwa sindano moja ya kuzuia kutapika. Siku ya tatu akafa. Mganga wa zahanati mwenyewe alituhimiza tuwahi mazishi, nasi tukamshukuru, wajinga sisi. Kabla ya alasiri tulikwishazika.

Mimi ndiye niliyemwosha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mweusi toka kiwikoni hadi vidoleni, kama ndizi iliyosahauliwa jikoni. Nililia huku namwagia maji.

Cheti cha kifo kikasema homa. Mumewe, Ridhiwani, hakukiamini, akaishtaki zahanati mahakamani Kibiti. Faili la zahanati lilionyesha sindano ilipigwa pajani, inavyotakiwa, maana dawa ile ikiingia kwenye mishipa ya damu inaua. Aliyejua kwamba faili linadanganya, ukimtoa muuguzi aliyepiga, ni mimi.

Hafsa alikuja kwangu akapiga magoti.

"Dada, kaseme. Mwanangu asife bure."

"Unajua nitaulizwa nini?"

"Ukiulizwa, jibu."

Mahakamani walijaa wanaume wa kwetu: baba mkwe wa Nasra, mwalimu wake wa madrasa, vijana aliokua nao. Wakili wetu, Mfaume, akaniuliza alama ya sindano niliiona wapi.

"Mkononi. Ndani ya kiwiko."

"Na mapajani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mapaja yake niliyaosha yote mawili. Hayakuwa na alama hata moja."

Nyuma yangu mtu akasema astaghafirullahi. Muuguzi, Kristina, akainamisha kichwa, na hakukiinua tena.

Akasimama Wilbrod, wakili wa zahanati.

"Bibi, wewe ni daktari?"

"Siyo. Lakini paja nalijua."

Watu wakacheka. Niliwachukia wote.

"Kwa dini yako, mwosha anaruhusiwa kutangaza aliyoyaona?"

"Haruhusiwi."

"Basi kama amana ya marehemu umeivunja, mahakama itakiamini vipi kiapo chako?"

Nilishuka kizimbani. Swali lile ninalo mpaka leo.

Hakimu alisema neno la mwosha peke yake halitoshi. Daktari angepaswa kuupima mwili. Lakini mwili tungeupata wapi? Masika ile mto ulipanda ukayazoa makaburi ya bondeni, la Nasra likiwamo. Kesi ikatupwa. Kristina alihamishwa. Mganga yupo palepale, na tukiugua tunakwenda kwake, maana hakuna mwingine.

Nje nilimkuta Hafsa amekaa chini, kajifunika kanga hadi usoni. Nikamshika bega. Akautoa mkono wangu.

"Umemvua nguo mwanangu mbele za wanaume," alisema.

"Si wewe uliyenipigia magoti, Hafsa?"

Alinyanyuka, akajipangusa vumbi taratibu.

"Ni mimi. Lakini nikifa, dada, nioshwe na mtu mwingine."