Godoro Tupu

Katika nyumba ya yatima nilikolelewa hakuna mtoto aliyeagwa. Ukichukuliwa na watu, au ukihamishwa, mlezi alivua shuka la kitanda chako. Wenzako wakirudi kutoka darasani wanakuta godoro tupu, na hawaulizi. Zamu yangu ilipofika nilikuta begi limefungwa tayari, nikakaa kizingitini kungoja gari.

Tangu hapo nimezunguka miji mingi nikitengeneza viti vya watu, na kila nilipopanga chumba sikuwahi kutoa nguo kwenye begi. Mke wangu, mshonaji, alinipata uzeeni. Alinipa upande mzima wa kabati, ukabaki mtupu. Huwaambia wateja wake kuwa ameolewa na abiria.

Juzi asubuhi nilimwaga chai kitandani. Akanuna. Kazini nyundo ilinipiga vidole hadi adhuhuri. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, yeye hayupo. Chumbani, godoro tupu.

Kichwa changu kizima ni mvi, lakini nilifanya kama yule mtoto wa zamani. Sikumwita, wala sikwenda kwa jirani kuuliza. Nilibeba begi na kisanduku cha zana, nikaketi kizingitini. Jasho lilinitoka, masikio yakingoja gari, gari gani sijui. Moyo ukaniambia, mzee, ondoka mwenyewe kabla hujaambiwa. Nikasimama. Nilikuwa nimeshafika getini alipotokea bombani, beseni la shuka mbichi kichwani.

Akauliza naenda wapi. Nikamjibu nimeona godoro. Kisa cha magodoro nilishamsimulia zamani, kwa mzaha, tukacheka wote. Safari hii hakucheka. Alitua beseni.

“Fundi, siku nikitaka uondoke utanisikia. Mdomo ninao, mtaa mzima unaujua.”

Nikasema chai ile sikuimwaga makusudi.

“Chai imeingiaje hapa? Shika huku tukamue, mgongo unaniuma.”

Shuka halikamuliwi kwa mkono mmoja. Nikaweka begi chini, tukasokota, yeye huku, mimi kule, maji yakachuruzika mpaka begi likalowa chapachapa. Ikabidi nguo zangu zote zitolewe, zianikwe kambani, mbele ya macho ya majirani.

Jioni alizikunja, akazipanga kabatini bila kuniuliza. Alipogeuka kutandika kitanda, nilichomoa shati moja nikalirudisha kwenye begi.

Aliniona. Akaendelea kutandika.