Kamba ya Mafundo Kumi na Moja

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi ya baridi, mawingu yamelala juu ya volkeno, hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mgomba.

Asubuhi kama hizi ni za mazuku, ile hewa nzito inayolala mashimoni na kuua kimya. Nikienda kazini nilikuona, Mama Mukamugema, ukingoni mwa shimo la Bulengo, unashusha taa kwa kamba kabla mbuzi wako hawajafika. Mwali ulishuka, ukainama, ukazimika. Ukafunga fundo kwenye kamba, pale mwanga ulipofia.

Kamba mpya. Ile ya zamani ilikuwa bado kwenye droo yangu.

Nilijua jina lako, na nilipita bila kukuita.

Ulijifunza kazi hiyo baada ya shimo kumchukua Umuhoza, binti yako wa miaka saba. Tangu siku ile, kila asubuhi isiyo na upepo, taa na kamba. Mashimo kumi na moja, mafundo kumi na moja, kila fundo na uzi wa kitenge cha Umuhoza. Kila fundo linasema: mpaka hapa unaishi.

Mimi kazi yangu ni kutoa utafiti wa chuo kikuu kabatini na kuugeuza kuwa kampuni. Niliingia ofisini pale na ndoo ya kupigia deki. Nikasoma jioni, mtu mzima kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao. Kila herufi niliiombea, na Bwana akanipa. Wa kwanza kunishangilia ulikuwa wewe: “Mama Daniella! Sasa unasema sawa radio. Utatusalimia bado?”

Nikakuletea Hilaire, mtafiti wetu. Ukampa kamba. Akapima mafundo yako, akatengeneza kifaa kidogo kinacholia hewa inapoharibika. Kifaa kizuri. Kitaokoa watoto, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Kwenye karatasi za kampuni kuna mahali pa kuandika waliogundua. Hilaire akauliza, “Huyu mama iko na diplome gani?”

“Hana.”

“Basi tunaandika nini, Mama Daniella? Docteur wa kamba?”

Ofisi ikacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote, maana niliogopa wataikumbuka ndoo yangu. Nikaandika jina moja tu, la Hilaire, kwa mwandiko safi, mwandiko ule niliouombea.

Nilijua jina lako. Ningeweza kuliandika hata gizani.

Ijumaa karatasi zinapigwa muhuri. Muhuri ninautunza mimi. Hadi leo ulilala kwenye droo, juu ya kamba yako.

Ee Bwana, kumbe dhambi nayo hukaa hivyo: haina rangi, haina harufu, inajaza mahali pa chini. Nikisimama, napumua. Nikitembea, napumua. Nikipiga magoti tu, pumzi inakatika.

Saa kumi na moja jioni shirika letu, ile jumuiya ndogo ya sala, lilikuwa kwako. Watu kumi na wawili kwenye viti vya kuazima, na katikati ya meza, taa ile ile ya asubuhi, safari hii inawaka. Ukasali wa kwanza. Ukaniombea mimi.

“Bwana, bariki kazi ya Mama Daniella. Ile mashini ilie mapema, mama asilie.”

Wote wakasema Amina.

Nikasimama. Papa Munguakonkwa, kiongozi wa shirika, akaninong’oneza, “Mama, kaa, bado hatujafika kwa wimbo.” Sikukaa. Nilikuwa nimeitoa kamba kwenye droo mchana. Nikaitoa sasa kwenye mkoba, nikailaza kando ya taa, mafundo yote kumi na moja yakionekana. Ukaitazama. Kidole chako kikaenda kwenye fundo la kwanza, lenye uzi mwekundu, kikabaki pale.

Mwali uliinama kwa pumzi yangu. Haukuzimika. Nikasema, kila mtu akisikia:

“Kifaa kile kimetoka kwenye kamba hii, na kamba ni ya Mama Mukamugema. Jina lake nililiacha mimi, kwa mkono huu. Mbele yenu naahidi: Ijumaa, kama jina lake halijaandikwa, sipigi muhuri. Na wakinirudishia ndoo yangu, nitaipokea.”