Makaburi Matatu Chini ya Mparachichi

Chuo kilikuwa kimempa Jovitha somo moja lenye walimu wanne. Lilihusu uhamaji wa watu, na kila mwalimu alivutia kwake: wa historia alitaka miaka, wa afya alitaka magonjwa ya njiani, wa jiografia alitaka ramani, na wa sheria alitaka majina yafichwe. Jovitha, mtoto mtiifu kupita kiasi, aliwatii wote wanne. Hapo ndipo alipoharibu.

Alirudi kijijini kwao Kirushya kukusanya habari, akaanza na jirani yao Nyirabahizi, aliyekuwa akimbeba Jovitha mgongoni utotoni, kila mama yake alipokwenda sokoni. Walikaa wakichambua maharage, Jovitha akiuliza na kuandika. Swali la kumi na nne lilisema: makaburi ya wazee wako yako wapi?

Kule watu wanazikwa kwenye migomba yao, na asiye na kaburi la mzee wake huhesabiwa mgeni, kwa hiyo swali hilo si la mchezo. Miaka ile ya operesheni ya kuondoa wahamiaji, askari walimwuliza Nyirabahizi hivyohivyo mlangoni kwake. Bibi yake Jovitha ndiye aliyeapa kwamba makaburi matatu chini ya mparachichi ni ya wazee wa mama huyu.

"Waliozikwa pale si wangu," Nyirabahizi alimwambia sasa. "Wangu walibaki Rwanda. Nilikuja kambi ya wakimbizi ya Benaco nina miaka kumi na miwili. Kambi ilipofungwa nikatoroka, bibi aliyekuwa na shamba hili akanificha, akanifanya wake. Wewe ni mwanangu, ndiyo maana nakuambia."

Jovitha akaandika. Jina alilificha vizuri sana, akaweka herufi N. Chini yake akachora ramani: njia ya kanisani, mparachichi, makaburi matatu. Kisha akapeleka daftari ofisi ya kijiji likagongwe muhuri, kama chuo kilivyoagiza. Karani akamwambia mtendaji yuko kikaoni mjini, aliache, arudi kesho.

Njiani aliuona ule mparachichi kwa mbali, akasimama ghafla. Mtoto wa darasa la pili angeitazama ile ramani na kutaja nyumba ni ya nani. Alirudi mbio, akakuta ofisi imefungwa kwa kufuli.

Alikwenda kwa Nyirabahizi kukiri huku analia.

"Shikamoo mama. Nimekuangamiza."

"Marahaba." Nyirabahizi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mtendaji anarudi lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi usilie. Nenda nyumbani, bibi yako asikuone hivyo." Akampa ndizi mbivu za kula njiani, kama alivyozoea kumpa zamani. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Ya Jovitha iliangusha ndizi moja.

Asubuhi mtendaji, Danstan, alimwita ndani akafunga mlango. Daftari lilikuwa na muhuri kila ukurasa, ila mmoja haukuwapo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe.

Danstan akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani pamoja na kiberiti.

"Kaichome mwenyewe. Nilipokuwa nasoma shule, njaa ikiniuma nilikuwa nakula kwa yule mama. Karani hajalifungua daftari, na mimi sijaona kitu."

Jovitha alitoka mbio, anacheka na kulia kwa pamoja, akaanza kumwita Nyirabahizi kabla hajafika. Hakuna aliyeitika. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Maharage yalikuwa bado kwenye mkeka, yamelowa umande, na yule mama hakuwahi kuacha maharage nje hata siku moja. Chini ya mparachichi, makaburi yote matatu yalikuwa yamepaliwa upya, majani yaliyong'olewa hayajanyauka.

Alisimama na ukurasa mkononi. Mwalimu wa jiografia angetaka kujua ameelekea wapi. Jovitha hakujua, na hakuthubutu kuita tena, maana majirani wangetoka na kumwuliza yeye kwa nini Nyirabahizi amekimbia.