Kampuni ya Stima ya Miasenyi

Hapa Miasenyi watu wananiita Kampuni. Jina langu ni Koki, nina duka kando ya barabara kuu, sijasomea umeme, na nikiona waya unaning'inia nakimbia kama mtu mwingine yeyote. Jinsi nilivyokuja kuwa kampuni ya stima mpaka leo sielewi vizuri, lakini nitaeleza hivyo hivyo.

Ilianza na ndovu. Alitoka mbugani jioni, akajikuna kwenye nguzo iliyo nyuma ya duka langu mpaka ikalala, waya ukakatika, naye akaenda zake. Dukani nilikuwa na inkubeta, lile sanduku la stima la kuangulia vifaranga, limejaa mayai ya majirani, na yalikuwa yamebakisha siku moja tu. Mengi yalikuwa ya Mama Musyimi. Ugonjwa ulikuwa umefagia kuku wake wote, hata jogoo, na mayai yale ndiyo pekee yaliyosalia. Aliniletea ndani ya leso akaniambia, "Koki, sina mengine." Yakipoa, hana kuku tena.

Nikapiga simu. Msichana wa kampuni ya stima akaniuliza namba ya nguzo, nikamsomea.

"Laini hiyo si yetu, mama. Jaribu wale wengine."

Wale wengine, kampuni ya pili ya stima, wakasema wao hujenga laini tu, wakimaliza wanakabidhi. Wamemkabidhi nani? Wale wa kwanza. Nikarudi kwa wale wa kwanza, wakasema hawajapokea kitu. Nilibaki naitazama simu kana kwamba yenyewe ndiyo iliyonikosea.

Nikawasha jiko la makaa kando ya sanduku, nikalifunika kwa blanketi, nikamwachia Mama Musyimi alinde joto, nikaenda kwa Mzee Titus. Huyu ni Mtaita wa Ronge aliyepanda nguzo za stima maisha yake yote, kisha akajenga hapa kwetu. Nilidhani atanipa jibu. Akanipa historia.

"Mwanzo stima ilikuwa ya shamba la mkonge," akasema. "Jenereta moja tu, ya kiwanda na nyumba ya meneja. Halafu kampuni ikainunua, na mimi nikaenda nayo. Halafu kampuni ikagawanywa. Hawa wakachukua nguzo, wale wakachukua waya."

"Na transfoma?"

"Transfoma siku hiyo ilikuwa imeharibika. Hakuna aliyeitaka."

"Sasa hii laini yetu ni ya nani, mzee?"

"Msichana wangu, hata mimi nilistaafu bila kujua nimestaafu kampuni gani. Walinipa saa ya ukutani, na jina lililoandikwa hapo sikuwa nimelisikia."

Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Mama Musyimi alikuwa amekaa sakafuni, mkono ndani ya blanketi, anapapasa mayai. "Bado yana joto," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, au kwa jambo lingine, sikuuliza. Tulipokezana hivyo hadi asubuhi.

Mchana yakaja magari mawili kwa pamoja, kampuni zote mbili. Mafundi wakashuka na kofia zao, wakaizunguka nguzo, wakaanza kuulizana nani amemwita nani. Fundi wa huku akasema akigusa mali ya wale atafutwa kazi. Wa kule akasema vivyo hivyo. Ngazi zimelala juu ya magari, mikono iko mifukoni.

"Shida ni mwenyewe," akasema mkubwa wao mmoja. "Mwenye laini akijulikana, hii ni kazi ndogo sana."

Hapo nikamsikia Mama Musyimi akiniita kutoka dukani. Yai moja lilikuwa limetoboka, kidomo kinaonekana, lakini hakisogei. Damu ikanipanda kichwani.

"Ni yangu!" nikapaza sauti.

Wote wakageuka. "Laini ni yako, mama? Ya kibinafsi?"

"Yangu! Nguzo, waya, transfoma, vyote."

"Ni yake," Mama Musyimi akaitikia kutoka mlangoni. "Hii ni kampuni yake. Kwani hamjui?"

Nilidhani watacheka. Badala yake walifurahi kama watu waliotuliwa mzigo. Walipanda hawa na wale, wakasaidiana vizuri, na taa ya sanduku ikawaka. Kidomo kikaanza kugonga tena. Kufikia jioni sanduku zima lilikuwa kelele tupu, Mama Musyimi analia waziwazi, nami nalia naye kwa furaha. Habari za kampuni yangu zikaenea Miasenyi nzima.

Wiki iliyofuata stima ikapotea ng'ambo ya barabara. Sikujua, kwa sababu kwangu taa zilikuwa zinawaka. Nikasikia hodi. Alikuwa Mama Musyimi, na ndani ya leso yake kifaranga mmoja aliyelegea.

"Koki, kwangu kumezima, hata taa ya vifaranga, na hawa watoto wanakufa na baridi. Utarudisha saa ngapi?"

Nilikuwa nimechoka, na sikujua hata pa kuanzia. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Laini ya huko si yangu, mama. Jaribu wale wengine."

Alimfunika kifaranga polepole, akaniangalia.

"Wale wengine ni akina nani, Koki?"