Boksi Moja, Magari Mawili

Siku ile mjinga nilikuwa mie, na cheo hicho sitaki mtu akigombanie nami.

Ilikuwa Jumapili, Chanika. Mie na jirani yangu Anselmo tuna magari ya aina moja, umri mmoja, na sasa ugonjwa mmoja: ukikanyaga breki, mbele kunakwaruza kama sufuria linalosuguliwa kwa mchanga. Tukayapiga jeki uani kwake, tukavua matairi. Yote mawili, pedi za breki za kulia zilikuwa zimeisha, chuma kinakula diski mpaka imechimbika mifereji. Za kushoto zimebaki unene wa ukucha.

Duka la spea lilibakiwa na boksi moja. Ndani pedi nne, mbili kwa kila tairi, za kutosha gari moja.

“Tugawane,” nikasema. “Kila mtu aweke mbili kulia, kulikoisha kabisa. Kushoto bado kuna nyama.”

Anselmo akaigeuza pedi mkononi. “Fundi aliniambiaga breki hubadilishwa pande zote mbili.”

“Fundi anauza pedi, ulitaka akwambieje? Au kwa woga huo nikutafutie punda?”

“Kesho nampakia Yuliana.”

“Mpakie. Unampeleka kazini Chang'ombe, humpeleki vitani.”

Yuliana, mkewe, fundi cherehani wa kiwandani, alikuwa anaanika nguo. Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichommaliza Anselmo. Tukafunga pedi, tukazunguka mtaa polepole. Mkwaruzo kimya. Nikajipongeza kwa soda.

Jumatatu asubuhi, kwenye mteremko, mwenye baiskeli akamkatizia Anselmo. Anselmo akakanyaga breki kwa nguvu zote. Kulia kukashika, kushoto kukateleza. Gari likavutwa kulia, likaingia njia ya lori la mchanga, na lori likaugonga mlango wa kushoto, alikokaa Yuliana.

Mguu wake wa kushoto waliukata hospitali siku ile ile, juu ya goti.

Alhamisi nikaenda wodini na machungwa, nikilalamika kwamba bodaboda kanizungusha mji mzima. Anselmo alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, hajanyoa.

“Tuliweka pedi nusu,” akasema, kabla sijamaliza salamu.

“Nusu ina kosa gani? Si tulijaribu mtaani, zikashika? Wewe braza ulikimbiza gari.”

“Nilikuwa gia ya pili.”

“Basi ungeukaza usukani. Dereva anashindana na gari, haliachii limpeleke linakotaka.”

Anselmo alikuwa anatazama pale shuka lilipolala bapa. Nikaona nimeshinda, na mie nikishinda huwa sijui kunyamaza.

“Usiwatafutie watu lawama, Anselmo. Zile breki zilikuwa nzima.”

Yuliana, niliyedhani amelala, akafumbua macho.

“Shemeji, gari lako nalo lina pedi zile zile. Mbona umekuja na bodaboda?”