Uzi wa Pindoni

Kwa miaka ishirini na miwili Okumu alishona nguo, kwanza Busia, kisha Juba, na miaka yote hiyo aliamini jambo moja tu: nguo nzuri ni nguo yenye mambo. Vifungo vya dhahabu, utepe, mabega yaliyosimama kama jogoo anayetaka kuwika. Mtu akipita amevaa kazi yake, mtaa mzima wa Hai Cinema ujue kwamba amepita.

Kawira hakukubali. Huyu alikuwa Mmeru aliyetumwa kutoka Nairobi kusimamia hoteli mpya kando ya mto, mojawapo ya zile zilizochipuka kama uyoga tangu mkataba wa amani utiwe sahihi. Alimletea Okumu kitambaa cha samawati iliyokoza, ashone sare moja ya mfano. Ikimpendeza, sare za wafanyakazi wote arobaini zingekuwa za Okumu. Isipompendeza, kazi ingeshonwa Nairobi, na Okumu angefunga cherehani yake arudi Busia kumweleza mkewe.

"Fundi," Kawira alisema alipoiona sare, "hii ni ya kupokea wageni au ya kupiga tarumbeta?"

"Madam, hiyo ndiyo smati."

"Toa hivi vitu vyote. Nitarudi kesho asubuhi. Na uwe mwangalifu, kitambaa hicho nilikibeba mwenyewe kwenye ndege. Hapa Juba hakuna kingine."

Erifazi, fundi viatu aliyeshiriki naye baraza, alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. "Okumu, ulibakiza nyota za jenerali tu!"

Adhuhuri, Okumu akifumua utepe kwa hasira, mkasi uliteleza. Alipoinua mkono, kidole chake kilipita kifuani mwa sare na kutokea upande wa pili. Tundu. Mahali penyewe ndipo kila mgeni hutazama kwanza.

Hata Erifazi hakucheka.

"Kanywe chai, ndugu yangu," alisema. "Maji yameshamwagika."

Chai iliuzwa ng'ambo ya barabara na Nyandeng, mjane mrefu aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Mangateen, kwenye vumbi la kuzika kifundo cha mguu, akafika kana kwamba vumbi lenyewe lilimpisha. Alivaa lawa moja ya kijani, lile shuka wanawake wa kwao hulifunga fundo juu ya bega. Hakuwa na mkufu wala hereni. Alinyunyiza maji ardhini, akapanga vigoda ili jua lisimpige mteja usoni. Kila glasi aliisuuza kwa maji ya moto, akaiinua kwenye mwanga kuikagua, ndipo akaiweka juu ya sinia, hata kwa hamali aliyenunua chai moja. Wakubwa wa wizara wakikaa pale walipunguza sauti bila kuambiwa. Okumu alikuwa amekunywa chai hiyo miaka miwili, akadhani heshima hiyo ni ya urefu tu wa yule mama.

Siku hiyo Nyandeng aliinama kumimina chai, na jua likapenya lawa yake kutoka nyuma. Karibu na nyonga, mfumo wa nyuzi ulikuwa mzito kidogo, upana wa kiganja. Jicho la fundi halilali. Okumu aliweka glasi chini.

"Mama Ayuel, hapo iko kiraka?"

"Fundi, siku hizi unapima nyonga za watu?"

"Nitaambia bibi yako!" Erifazi alipiga kelele kutoka barazani.

"Mimi naangalia nguo! Haki ya Mungu, naangalia nguo tu."

Nyandeng alicheka, akageuza pindo la lawa. "Niliinunua Kakuma mwaka Ayuel wangu alizaliwa. Miiba ya kule haina heshima."

"Na uzi ulitoa wapi? Rangi iko sawasawa."

"Hapa." Ndani ya pindo, nyuzi nyingi zilikuwa zimechomolewa, moja moja. "Ukileta uzi wa sokoni, huyo ni mgeni, ataonekana. Huu ni ndugu yake."

"Umeziba mara ngapi?"

"Kumi na moja. Labda kumi na mbili."

Okumu aliitazama lawa kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kwa macho yake ya miaka ishirini na miwili hakuona kiraka kingine hata kimoja, mpaka alipoonyeshwa. Kumbe miaka yote miwili alidhani mama huyu hununua mpya.

Alivuka barabara mbio, akarudi na sare na sindano. Mchana kutwa, kati ya wateja, Nyandeng alimwonyesha: chomoa pindoni, pitisha juu, pitisha chini.

"Usivute. Unavuta kama punda. Ngoja uzi ukubali."

Jua lilipokuwa linazama, tundu lilikuwa halipo. Wala vifungo vya dhahabu, wala utepe, havikuwapo. Ilibaki nguo peke yake, na Okumu aliiogopa kidogo, ilivyokuwa nzuri.

Asubuhi Kawira aliishika, akaizungusha. "Sasa hii ni sare."

Okumu angeweza kunyamaza. Lakini kuficha hakukuwa kazi yake. "Madam, mimi nilitoboa hiyo. Hapo kifuani."

Kawira alisogea mlangoni kwenye mwanga, akapapasa kwa kidole, akatafuta na kutafuta. "Wapi?"

Okumu alimwonyesha. Kawira aliinamisha uso karibu na kitambaa. "Nani alikufundisha hivi?"

Okumu alinyoosha kidevu kuelekea ng'ambo. Nyandeng alikuwa ameinua glasi kwenye mwanga.

"Utashona zote arobaini," Kawira alisema bila kumtazama. "Kitambaa kitafika Jumatatu." Kisha akavuka barabara, na kabla ya kuketi kwenye kigoda, alivua miwani yake mikubwa ya dhahabu akaitia mkobani.

Jumatatu Okumu alipima pindo la sare ya kwanza: vidole viwili, kama desturi. Akasita, akaongeza viwili tena.